Malalamiko Kuhusu Mashimo Matatu na Picha Namba 18

Ha Sekoati,
Jumatano, tarehe 12 Julai

Kwa Ntate Mwenyekiti,
Chama cha Wapiga Picha wa Nyanda za Juu,
Ukumbi wa Misheni.

Ntate Mwenyekiti mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na nyumba yako, na kwamba mafua ya mkeo yamepungua tangu theluji ilipoanza kuyeyuka. Sisi huku tu wazima, isipokuwa mimi, ambaye nimedhulumiwa.

Barua ya kamati niliipokea Jumatatu. Haikuwa na tarehe, lakini hilo nitalizungumzia mwaka mwingine. Inasema kwamba picha namba 17 na picha namba 18, moja yangu na moja ya Ausi Selloane Phafoli, zinafanana kama pacha: mlima ni uleule wa Phatšoa, mahali ni palepale, na asubuhi ni ileile. Inasema kwamba ukutani mna nafasi moja tu ya Phatšoa, na kwamba picha itakayotundikwa ndiyo itakayopelekwa Maseru kwenye mashindano makubwa. Kwa hiyo sisi wawili tukae, tuzungumze, na kufikia Ijumaa tuwajulishe ipi ibaki na ipi iondolewe. Mmetuletea picha zote mbili katika bahasha moja, na majina yaliyo nyuma yamefunikwa kwa karatasi ya gundi ili tuchague picha, si mtu.

Utaratibu huo ni wa haki na nausifu. Kasoro yake ni moja tu: unadhani kwamba kuna jambo la kuchagua.

Kabla sijaorodhesha malalamiko yangu, naomba kamati ikumbuke mimi ni nani. Nimeshiriki mashindano haya miaka kumi na minne mfululizo. Katika miaka hiyo picha yangu haijatundikwa hata mara moja. Cheo cha juu kabisa nilichopata ni kutajwa kwa "jitihada njema", na mwaka huo tulikuwa washiriki watano, mmoja akiwa amefariki kabla ya majaji kukutana. Sikulalamika. Nilirudi nyumbani, nikanunua lenzi nyingine. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, picha ya Phatšoa itatundikwa kwa hakika. Hamwezi kunilaumu nikitaka iwe yangu. Nina umri wa miaka sabini na mmoja, na sidhani kwamba nina asubuhi nyingi za baridi zilizosalia magotini.

Ausi Selloane, ambaye namwita dada kwa adabu tu, ana miaka ishirini na minne. Anachambua sufu katika banda la kukatia kondoo manyoya. Nilimfundisha darasa la tano, na ni mimi niliyemwekea kamera mkononi kwa mara ya kwanza. Ninayasema haya ili ieleweke kwamba simchukii. Namlalamikia tu.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mashimo.

Juu ya mwamba unaotazama Phatšoa yako mashimo matatu, kila moja na kina cha kidole gumba. Niliyachonga mimi miaka minane iliyopita kwa patasi na nyundo ya kuazima, kwa muda wa wiki mbili, ili stendi yangu ya miguu mitatu isimame bila kutikiswa na upepo, na ili kila ninaporudi kamera yangu itazame mlima kutoka mahali palepale. Kazi hiyo haikuwa siri. Majirani walikuwa wakipita chini na punda wao wakinipigia kelele.

"Ntate Potlako, unazika nini huko juu?"

"Anapanda kamera," alijibu mwingine. "Mvua ikinyesha zitaota."

Nilivumilia. Mtu aliyevumilia maneno hayo kwa wiki mbili ana haki zaidi juu ya mashimo yake kuliko mwenye shamba juu ya shamba lake, maana mwenye shamba huwa hachekwi.

2. Yaliyotokea asubuhi ya Jumamosi, tarehe 1 Julai.

Jumamosi hiyo ilikuwa asubuhi yangu ya kumi na moja mfululizo. Niliondoka nyumbani saa kumi na moja na nusu nikiwa na blanketi mbili, lenzi mbili, vioo vitatu vya kuchuja mwanga, na betri kwapani. Betri huwa naiweka kwapani kwa sababu baridi ya Julai huiua katika dakika chache. Mke wangu, 'M'e 'Mapalesa, husema kwamba betri hiyo nimeilea vizuri kuliko nilivyowalea wanangu. Hilo si kweli. Wanangu hawakuhitaji joto la kudumu.

Nilisimika stendi katika mashimo yangu. Baadaye kidogo Ausi Selloane akapanda, blanketi kichwani, anatafuna mkate wa mvuke. Alinisalimu vizuri. Kisha akaketi juu ya jiwe wala hakuitoa kamera yake. Jua lilichomoza saa moja na dakika kumi nyuma ya wingu zito. Nilipiga picha thelathini na mbili. Yeye hakupiga hata moja. Alikuwa akitazama tu na kutafuna. Ilipofika saa moja na nusu nilianza kufungasha, kwa sababu kitabu changu cha mwongozo kinaeleza wazi kwamba mwanga mzuri wa asubuhi hudumu dakika ishirini baada ya jua kuchomoza.

"Ntate, subiri kidogo," akasema. "Bado."

"Bado nini?"

"Wingu. Bado halijaamua."

"Mwanangu, mwanga umekwisha. Kitabu kimesema dakika ishirini."

"Kitabu hakikuja leo, Ntate."

Nimeyaandika maneno hayo kama yalivyotamkwa ili kamati ione jinsi kijana wa siku hizi anavyomjibu mwalimu wake. Sikubishana naye. Nyumbani ulikuwa umefika wakati wa uji wa motoho, na mtu mwenye adabu hachelewi motoho. Nilipofika kwenye kona ya njia niligeuka nyuma, nikaona kwa macho yangu mwenyewe kwamba ameisimika stendi yake katika mashimo yangu. Hakungoja hata nipotee machoni.

3. Miguu.

Kamati huenda ikauliza: miguu ya stendi yake iliwezaje kuingia katika mashimo yaliyochongwa kwa kipimo cha miguu yangu? Jibu ni kwamba stendi yake ni stendi yangu ya zamani, niliyompa niliponunua mpya. Mguu mmoja umefungwa waya, na waya huo niliufunga mimi. Basi miguu ni yangu, mashimo ni yangu, na hata ule mtindo wa kuzuia pumzi kabla ya kubonyeza kitufe ameupata kwangu. Picha iliyopigwa juu ya miguu yangu, ndani ya mashimo yangu, kwa pumzi niliyoifundisha mimi, nauliza kwa heshima zote, ni ya nani? Sidai kwamba ni yangu. Nasema tu kwamba ningetaka kudai, hoja ninayo.

4. Lenzi yake imezungushiwa plasta ya zahanati.

5. Ubora wa picha yenyewe.

Hapa ndipo naomba majaji waweke kalamu chini na kunisikiliza.

Ni lazima nikiri kwamba sikuwahi kuiona picha yangu katika karatasi kabla ya Jumatatu. Niliiona katika kile kioo kidogo cha nyuma ya kamera tu, tena bila miwani, kwa sababu miwani yangu huganda puani. Katika zile thelathini na mbili nilichagua moja kwa kukadiria, nikampa Katibu kadi, naye akaipeleka mjini kusafishwa pamoja na ile ya Ausi Selloane. Kwa hiyo nilipoifungua bahasha yenu nilikuwa na hofu kidogo. Je, nitaijua iliyo yangu?

Ntate Mwenyekiti, mkono ulikwenda wenyewe. Ulikwenda kwenye namba 17.

Wingu limefunguka upande mmoja tu, upana wa mlango ulioachwa wazi. Mwanga umepita hapo ukaangukia bega la mlima, na bega hilo limekuwa na rangi ya mkate unaotolewa motoni. Kila kilichobaki bado ni buluu kwa baridi. Chini kabisa umande ulioganda haujaguswa na jua, na unaona kabisa kwamba katika dakika moja utaguswa. Mke wangu aliniuliza kwa nini napangusa miwani mara kwa mara. Nilimwambia ina vumbi.

Hiyo ni picha ya mtu aliyeteseka mahali pale. Ndani yake miaka kumi na minne inaonekana. Sehemu zote za picha hiyo nazijua kama ninavyoijua sebule yangu, na hakuna asiyejua picha kwa kiasi hicho anayeweza kuwa ameipiga. Aliyeipiga hakuwa na haraka na mlima. Aliungoja.

Sasa tazameni namba 18. Sitaki kumvunja moyo kijana, kwa hiyo nitasema lililo jema kwanza: mlima wote umeingia. Baada ya hapo sina la kuongeza. Anga ni la kijivu kutoka pembe hadi pembe kama blanketi la jela. Mlima umesimama kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Hakuna kosa lolote la ufundi na hakuna sababu yoyote ya kuitazama mara ya pili. Ukiichunguza vizuri unaweza hata kuhisi kwamba mpigaji alikuwa na njaa na alikuwa na mahali pengine pa kwenda. Huo ndio ugonjwa wa vijana. Wanabonyeza, wanaondoka. Nimeusema ugonjwa huo darasani kwa miaka thelathini na sita, na leo nimeupata umesafishwa katika karatasi ya kung'aa.

Na kamati inaziita pacha!

6. Ujanja wa mwisho.

Kwa kuwa barua yenu ilitutaka tuzungumze, jana nilimfuata Ausi Selloane bandani. Nilimkuta mikono imezama katika manyoya ya kondoo hadi viwikoni, pamoja na akina mama wengine wanne. Nikamweleza.

"Amua wewe, Ntate," akasema bila kuinua kichwa. "Mimi niko kwenye sufu mpaka Ijumaa."

"Hutaki hata kuziona?"

"Nitaiona moja ukutani. Wewe ndiye uliyenifundisha kutazama."

Mmoja wa wale akina mama akacheka. "We Selloane! Unamwachia mwalimu asahihishe mtihani wake mwenyewe? Atajipa mia kwa mia, utaona."

"Akijipa, atakuwa ameipata," akasema, akaendelea na sufu yake.

Ntate Mwenyekiti, umeona? Amenitupia mimi mzigo wote wa haki. Angebishana, ningemshinda kwa hoja na kulala vizuri. Kwa kunikubalia ameninyima usingizi wa usiku mzima, na mtu anayemnyima mzee usingizi kwa makusudi hawezi kusemwa kwamba ana tabia njema.

Kwa sababu hizo zote, naiomba kamati yako tukufu ikubali maombi yafuatayo, ambayo nimejitahidi yasiwe makubwa:

Kwamba picha namba 18 iondolewe, na ikiwezekana iondolewe kwa upole.

Kwamba mashimo matatu yaandikwe katika daftari la Chama kuwa ni yangu, na kwamba mtu yeyote atakayetia mguu wa stendi ndani yake aombe ruhusa kwa maandishi, siku saba kabla.

Kwamba, kwa kuwa mashimo hayana faida bila kile yanachokitazama, upande wa mashariki wa mlima Phatšoa nao uandikwe kuwa ni wangu, kuanzia saa kumi na moja na nusu hadi saa mbili asubuhi. Baada ya saa mbili kila mtu anaruhusiwa kuutazama.

Kwamba wenye ng'ombe wa Ha Sekoati waelezwe rasmi kuhusu saa hizo. Ng'ombe wenyewe nitawaeleza mimi.

Kwamba mawingu yanayopita juu ya upande huo katika muda uliotajwa yahesabiwe kuwa yamepita kwa ajili ya mwenye mashimo. Najua kwamba wingu halina mwenyewe. Lakini hata mwamba haukuwa na mwenyewe mpaka nilipoutoboa.

Na mwisho, kwamba chini ya picha namba 17 paandikwe kwa herufi zinazosomeka na mtu aliyesimama mlangoni: "Matunda ya subira. Imepigwa na P. Letsika, mwalimu mstaafu."

Narudisha picha zote mbili katika bahasha hii. Namba 17 nimeifunga katika kitambaa.

Nimeiandika barua hii kwa utulivu. Nisalimie wajumbe wote wa kamati, pamoja na yule jaji aliyeniambia mwaka juzi kwamba picha zangu "ni sahihi sana". Nisalimie Katibu, na umwambie kwamba barua huwa na tarehe. Nisalimie mkeo na mama mkwe wako. Nisalimie pia mtunza ukumbi, na umwombe apigilie msumari imara, kwa maana fremu niliyoagiza ni nzito.

Nabaki kuwa mwanachama wako mtiifu, mwenye kudhulumiwa,

Potlako Letsika

Baada ya sahihi:

Nina desturi ya kumsomea 'M'e 'Mapalesa barua zangu kabla ya kuzifunga. Alikuwa akipiga pasi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba aione hiyo namba 17. Aliipeleka dirishani, akaitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia kwa mtu aliyeacha pasi juu ya moto.

"Nzuri," akasema. "Nzuri kweli, Ntate. Na huu moshi?"

"Moshi gani?"

Alionyesha kwa ukucha. Chini, karibu na ukingo, pale ambapo nyumba za Ha Sekoati zinaonekana kama punje za mtama, upo uzi mmoja mwembamba wa moshi, umenyooka. Sikuwa nimeuona.

"Hiyo si nyumba yetu?" akauliza.

Nikachukua kioo cha kukuzia. Ni nyumba yetu.

"Basi hii hukuipiga wewe," akasema, na akarudi kwenye pasi yake. "Mimi siwashi moto mpaka nikuone kwenye kona unashuka. Huo moshi ukitoka, wewe umeshafika, unavua viatu."

Nilimweleza kwamba kunaweza kuwa na sababu nyingine. Hakuuliza ni ipi. Kwa hiyo nilikwenda jikoni nikaishika picha juu ya mvuke wa birika mpaka karatasi ya gundi ikaachia, jambo ambalo kanuni ya tisa ya Chama inalikataza waziwazi, nami ndiye niliyeiandika kanuni hiyo. Nyuma ya namba 17 pameandikwa Phafoli. Nyuma ya namba 18 sikuona haja ya kupafungua, lakini nilipafungua.

Nimekaa na jambo hili tangu mchana. Sitakuficha, Ntate Mwenyekiti, yote niliyoyafikiria. Nilifikiri kwamba yeye mwenyewe ameniachia niamue, na kwamba nikiwaandikia ibaki namba 18 hakuna atakayeuliza. Kisha nikasoma tena lalamiko langu la tatu, lile la miguu, nikaona kwamba nikilisukuma kidogo naweza kuidai namba 17 yenyewe, moshi na yote. Ni hoja nzuri sana. Imepangwa vizuri. Nilipomaliza kuisoma niliona haya kumtazama mke wangu.

Tundikeni namba 17. Jina lake ni Selloane, lenye l mbili, na la ukoo ni Phafoli. Namba 18 nirudishieni. Nataka kukaa nayo.

Barua ningeweza kuichana, lakini nimeona muipokee kama ilivyo, na iwekwe katika jalada. Yote niliyoyasema kuhusu mpigaji wa namba 17 na mpigaji wa namba 18 ni kweli, na nisingeweza kuyasema vizuri hivyo kama ningejua.

Jioni hii nimempelekea Ausi Selloane ujumbe kwa simu. Nilitaka kumwambia mengi, lakini vidole vyangu havielewani na vile vitufe, kwa hiyo nilimwuliza tu: Jumamosi ukipanda, huwa unashuka saa ngapi?

Amejibu sasa hivi: "Sijui, Ntate. Njoo na motoho wako."